Hodi ya Msituni

Katika Kiswahili cha wazee wetu neno ndege lilibeba maana mbili zisizotengana: lilikuwa jina la kiumbe arukaye kwa mbawa, na lilikuwa jina la fali aliyokutana nayo msafiri njiani, ikiwa ya heri au ya shari. Mtu aliyetoka Msambweni alfajiri kwenda Mombasa kwa miguu, akiwa na mzigo wa nazi kichwani au daawa ya shamba mbele ya kadhi, aliagwa na jamaa zake kwa kuombewa ndege njema. Na iwapo mlio wa kwanza ulimfikia kutoka upande aliouchelea, hakuona aibu kugeuka, kuketi barazani mwake na kuiahirisha safari hadi siku ya pili. Sina nia ya kuwacheka waliokuwa na desturi hiyo, wala ya kuwataka walio hai waifuate. Ninachotaka kionekane ni kwamba watu walioipa fali jina la ndege walikuwa watu waliozoea kusikiliza, maana mtu hawezi kuogopa mlio asioujua.

Wala wazo la kwamba hayawani wana semi zao halikuwa geni kwa Waislamu wa pwani, ambao tangu chuoni walisomeshwa habari za Nabii Suleiman, aliyefundishwa matamko ya ndege, akamsikia chungu akiwaonya wenzake waingie maskani yao wasije wakapondwa na majeshi, na akaletewa na hudihudi habari za nchi ya Sheba. Kijana wa Kidigo aliyekisikia kisa hicho asubuhi mbele ya mwalimu wake, na jioni akaketi na babu yake akasimuliwa mambo ya kaya, ile misitu ya mababu zake, hakuona kwamba amevuka kutoka ulimwengu mmoja kuingia mwingine. Katika fahamu zake kimoja kilikuwa ufafanuzi wa kingine.

Adabu ya kwanza ya mazungumzo katika pwani hii ni hodi. Mgeni husimama nje ya mlango, hata ukiwa wazi, akapaza sauti, akangoja. Asipoitikiwa hupaza ya pili, na ya tatu, kisha, kimya kikidumu, hushika njia yake bila kinyongo, kwa sababu kimya nacho ni jibu. Ndani ya adabu hiyo ndogo mmefumbatwa mambo matatu makubwa: kukiri kwamba mahali pana mwenyewe, kuomba idhini ya mwenyewe huyo, na kuwa radhi kunyimwa. Historia ninayoisimulia hapa, ya watu wa Kwale pamoja na misitu na wanyama wao, naiona kuwa ni historia ya hodi: jinsi ilivyobishwa dahari, jinsi ilivyoachwa, na wapi ingali inabishwa.

Masimulizi ya Wamijikenda yanasema kwamba walitoka Singwaya, nchi iliyokuwa kaskazini, upande wa Somalia ya leo, wakafukuzwa huko na maadui, wakashuka kusini kundi baada ya kundi, wakijenga maskani yao ndani ya misitu minene juu ya vilima na karibu na bahari. Maskani hayo yaliitwa kaya, na yale ya kale kabisa hukisiwa kuwa yalianza katika karne ya 16. Wadigo husemwa kuwa ndio waliotangulia kusini, na Kaya Kinondo, iliyo mwendo mfupi kutoka Diani ukishapita Galu, huheshimiwa kuwa ndiyo mama wa kaya zao. Baada yake zikaja nyingine, Diani, Ukunda, Tiwi, Waa na Muhaka, ilhali ndugu zao Waduruma walikuwa na Gandini na Mtswakara upande wa bara. Jina la Mijikenda lenyewe, yaani miji tisa, lilikuja kuenea katika miaka ya 1940, likachukua mahali pa lile la Wanyika, ambalo wenyewe hawakulipenda.

Kaya haikuwa kijiji kilichofyeka msitu kisha kikajificha nyuma ya ua. Ilikuwa uwanja katikati ya msitu uliokusudiwa kubaki msitu, na njia nyembamba zilizopita katika malango machache; mahali fulani ndani yake lilizikwa fingo, ile kinga ambayo husimuliwa kuwa ililetwa kutoka Singwaya, na mahali pengine walizikwa wazee waliotangulia. Basi msitu ulikuwa ngome, ulikuwa ghala ya dawa, ulikuwa makaburi, na kwa itikadi ya wenyewe ulikuwa makao ya koma, roho za mababu, ambazo hazikupenda ghasia. Haikuruhusiwa kukata mti humo, kuchunga mifugo, kuacha njia au kupiga makelele. Na aliyevunja mwiko alitozwa na ngambi, baraza la wazee, mnyama wa kafara kwa kadiri ya kosa lake.

Mgeni wa mambo haya huyasikia kama mlolongo wa makatazo, akadhani kuwa yalitungwa kuwatia watu hofu. Hofu ilikuwamo, sikatai. Lakini mtu asiyeruhusiwa kugusa hulazimika kutazama, na asiyeruhusiwa kusema hujikuta anasikia, na watu waliopita njia zile kimya, baba nyuma ya babu na mtoto nyuma ya baba, kwa muda wa karne nzima na zaidi, walipata elimu ambayo haikuandikwa popote: kelele ya kima aliyemwona nyoka si ile ya kima agombanaye na mwenziwe, mti utoao maua kabla ya mvua na ule utoao baada yake, kimya cha ghafula cha ndege, ambacho katika msitu ni neno zito kuliko mlio. Elimu ya namna hii humjia mtu kabla hajafikiri. Huitwa ilhamu, na aghalabu hudhaniwa kuwa imeteremka kutoka juu kama umande, ilhali ni jasho la wengi lililokusanyika katika mtu mmoja.

Mganga wa kale aendaye kuchimba dawa hauendei mti kama mtu aendaye dukani. Husimama mbele yake, akautaja kwa jina, akaueleza ni nani aliye mgonjwa na anaumwa nini, akaomba. Kisha huchukua mzizi upande wa mawio ya jua na mwingine upande wa machweo, akarudisha udongo. Nimewasikia watu wenye elimu wakiuliza mti una masikio gani. Swali hilo lina haki yake, nami nitalirudia mbele. Kwa sasa natosheka kusema kwamba mtu aliyeueleza mti shida ya mgonjwa amekwisha kujieleza mwenyewe anachukua kiasi gani na kwa ajili ya nani, na mtu wa namna hiyo haachi shimo pale mti uliposimama. Elimu ya Wadigo juu ya mimea, majina yake na kazi zake, imeandikwa kwa kirefu katika zama zetu na mtafiti Mohamed Pakia, na asomaye maandishi hayo hupigwa na butwaa kwa wingi wa vitu ambavyo watu waliodhaniwa hawajui kusoma walikuwa wamevisoma.

Karne ya 19 iliwatoa watu kayani. Hatari za zamani zilipungua, biashara na Mombasa ikawavuta, mashamba ya minazi yakahitaji nafasi, na kufikia miaka ya 1940 kaya nyingi hazikuwa na mkazi ila makaburi. Wadigo wengi walisilimu katika kipindi hicho. Wako mashekhe waliozikemea kafara za msituni, na wako wazee waliosali Ijumaa pamoja na wenzao kisha, mvua ilipochelewa, wakaenda kaya kuomba. Mabishano hayo hayajaisha, wala si mimi wa kuyaamua. Ila kila nipitapo kwenye msikiti wa kale wa Kongo, katika mdomo wa mto Mwachema kati ya Tiwi na Diani, naona kwamba waliojenga nyumba ile ya ibada na waliokuja kuitunza baada yao waliiachia mibuyu mikubwa isimame kuizunguka, na sidhani kama shoka lilikosekana.

Walioingia bila kubisha hodi walitoka ng'ambo. Mwaka 1913, katika nchi ya Wagiriama kaskazini ya Mombasa, serikali ya Kiingereza ilitaka vijana wa kwenda kufanya kazi, na Mekatilili wa Menza akasimama kuwazuia. Husimuliwa kwamba katika baraza mbele ya bwana Arthur Champion, ofisa wa serikali hiyo, alimleta kuku na vifaranga wake, akamwambia bwana yule achukue kifaranga kimoja. Alipounyosha mkono kuku akamdonoa, na Mekatilili akamwambia kuwa hayo ndiyo yatakayompata akiwagusa watoto wa Wagiriama. Inasemwa kuwa jibu la bwana yule lilikuwa kumpiga kuku risasi. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi zaidi watu wa aina mbili wakimtazama kiumbe mmoja: mmoja aliona mama anasema, mwingine aliona kuku anadonoa. Mekatilili alikamatwa, akapelekwa mbali, Kisii, akatoroka, akarudi kwao. Na mwezi wa Agosti 1914 serikali ikaitia baruti Kaya Fungo, kitovu cha Wagiriama, ikailipua. Habari hiyo ilisikika katika kaya zote, na Wadigo wakajua kwamba ukuta wa miti haumzuii asiyeona kitu ila miti.

Hapa nawaomba wasomaji wangu tuiache Kwale kidogo, kwa sababu yuko kiumbe mmoja ambaye bila yeye habari hii ingebaki ya upande mmoja, wa wanadamu wanaobisha hodi tu. Yeye ni ndege abishaye hodi kwa wanadamu. Waswahili wamemwita mlembe. Si mkubwa, wala rangi yake haipendezi sana. Ukimwona mtini amenyamaza utampita. Lakini anapomwona mtu msituni hujisogeza karibu, akalia mlio wa mfululizo kama kiberiti kinachotikiswa ndani ya kisanduku chake, akaruka hadi mti wa mbele, akangoja. Mtu akimfuata huruka tena, na tena, mpaka amemfikisha kwenye mzinga wa nyuki wa mwituni. Mrinaji hutia moshi, huvunja, huchukua asali, na mlembe hupata nta na majana, vitu anavyovipenda lakini hana nguvu za kuvitoa penye nyuki wakali na mti mgumu.

Mwandishi wa kwanza ajulikanaye kumtia ndege huyu katika maandishi ni padri wa Kireno, João dos Santos, aliyekaa Sofala, kusini ya pwani yetu hiihii, na ambaye mnamo mwaka 1588 aliona ndege wadogo wakiingia katika kanisa lake kupitia nyufa za ukuta na kudonoa nta ya mishumaa. Akawauliza wenyeji, wakamweleza kazi nyingine ya ndege hao, naye akaiandika katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1609. Karne nyingi wasomi wa Ulaya waliisoma habari hiyo kwa shaka, kama mtu asomavyo ngano. Na nafikiri shaka yenyewe ni sehemu ya historia, kwa sababu ushahidi wa maelfu ya warinaji wa Afrika haukuhesabiwa kuwa ni ushahidi mpaka ulipopimwa kwa saa.

Na saa hiyo ilikuja kushikwa na Mkenya. Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata warinaji wa Kiborana kaskazini mwa nchi yetu, na mwaka 1989 wakatangaza waliyoyaona. Mrinaji asiye na ndege alitafuta mzinga kwa wastani wa saa 8.9, aliyeongozwa alitumia saa 3.2. Waborana walisema kwamba kwa mlio wa ndege na mwendo wake wanatambua mzinga uko upande gani, uko mbali kiasi gani, na wakati gani wamefika. Watafiti walipopima, wakakuta kuwa ni kweli. Kadhalika Waborana walikuwa na mluzi wao wa kumwita, nao ulimleta. Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, si kwa kutoamini, bali kwa furaha ya kuona wachungaji wa nchi kame wakithibitishwa neno kwa neno.

Mambo yakaendelea. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenziwe walichapisha habari za Wayao wa Niassa, katika Msumbiji, ambao humwita ndege huyo kwa mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno mfupi, waliofundishwa na baba zao. Mwito huo uliongeza maradufu nafasi ya kuongozwa, kuliko sauti nyingine zozote zilizojaribiwa. Wahadza wa Tanzania, nao, hutumia mluzi wenye tuni. Na mwaka 2023 ikaonekana kwamba mlembe wa nchi ya Wahadza huitika mluzi wa Kihadza zaidi kuliko mwito wa Kiyao, na wa nchi ya Wayao kinyume chake, kila mmoja kwa lugha ya jirani zake. Jambo la ajabu kupita yote ni kwamba mlembe halelewi na wazazi wake: mama hutaga yai katika kiota cha ndege wa aina nyingine na kuondoka, hata kinda hukua bila kumwona mlembe aliyemzaa. Hamu ya kumwongoza mwanadamu, basi, amezaliwa nayo. Lakini lafudhi ya mwanadamu anayeishi naye hujifunza. Baada ya haya, aniambiaye kuwa mazungumzo kati ya watu na wanyama ni ndoto ya washenzi, namwomba aniambie ni kitu gani kinachokosekana hapa kisichopatikana kati ya mnunuzi na mwuzaji sokoni.

Watu wa bahari wana yao. Wavuvi wa pwani huzitazama membe zikizunguka na kupiga mbizi, wakajua samaki wadogo wamesukumwa juu na jodari walio chini. Na wako waliomfanya samaki kuwa mshirika: mwaka 1884 Frederic Holmwood, wa ubalozi wa Kiingereza Unguja, aliandika jinsi wavuvi wa pwani hii walivyomtumia chazo, yule samaki mwenye kigandamizo kichwani, kwa kumfunga kamba mkiani na kumwachia karibu na kasa ili amgande. Hilo silisifu kama nimsifuvyo mlembe, kwa sababu chazo alifungwa kamba na mlembe yu huru, na kasa leo wamekuwa adimu. Lakini aliyeligundua alikuwa amekwisha kumsoma chazo muda mrefu kabla ya kumfunga.

Wanyama nao wanatusoma sisi. Katika mbuga ya Amboseli, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili wana milio mbalimbali ya hatari: mmoja wa chui, ambao ukisikika wote hupanda juu ya miti, mmoja wa tai, nao hutazama angani, na mmoja wa chatu, nao husimama wima wakichungulia majani chini. Katika mbuga hiyohiyo, mwaka 2014, ikathibitishwa kwamba ndovu wakisikilizishwa sauti za wanaume wa Kimaasai na za wanaume wa Kikamba, wanaosema maneno ya maana moja, hujikusanya na kujihami zaidi kwa zile za Kimaasai, na hawafadhaiki vivyo hivyo kwa sauti za wanawake na watoto. Ndovu wamejifunza ni nani aliyezoea kushika mkuki. Na Lucy King na wenziwe wameonyesha kuwa ndovu hukimbia uvumi wa nyuki, na kwamba wana mngurumo maalumu wa kuonyana juu ya nyuki hao. Katika sehemu kadhaa za nchi yetu wakulima sasa huitundika mizinga kwa waya kuzunguka mashamba yao, ndovu akigusa waya nyuki wakamwambia neno asilohitaji kutafsiriwa.

Elimu hiyo ingefaa sana katika vilima vya Shimba, ambavyo vilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ambavyo wakulima wa pembeni mwake walikuwa wakilala macho miaka mingi wakilinda mahindi. Ndovu walikuwa na njia yao ya kale kati ya Shimba na msitu wa Mwaluganje. Njia ilijaa mashamba, wao wakaendelea kuipita. Jawabu lililopatikana mwaka 1995 lilikuwa la heshima kwa pande mbili: wenye ardhi, Waduruma na Wadigo, walikubali kuiachia njia iwe hifadhi ya ndovu, wapate sehemu yao katika malipo ya wageni. Haikumaliza matata yote. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliwahamisha ndovu wapatao 150 kutoka Shimba kuwapeleka Tsavo Mashariki, kwa magari, safari ndefu isiyo ya hiari. Lakini katika Mwaluganje naona kitu ambacho hakipatikani katika ua wa umeme: watu walikaa kitako, wakakubali kuwa mwenye njia ni mwingine.

Sasa nalirudia swali la masikio ya mti. Mtoto yeyote wa pwani amewahi kuchutama mbele ya kifauongo, akaligusa jani lake kwa ncha ya kidole, akaliona linajikunja na kulala kama maiti, kisha akangoja lifufuke. Mwanzoni mwa karne ya 20 Jagadish Chandra Bose, mwanasayansi wa Bengal, alitengeneza ala nyepesi mno za kupima mwitiko wa mimea, akaufanya mmea huohuo kuwa mmoja wa mashahidi wake mbele ya wasomi wa London, waliogawanyika juu ya maana ya aliyowaonyesha. Wengi wa wanabotania wa leo wanakubali kwamba mimea huhisi mguso, nuru na majeraha, na kwamba hupeleka habari hizo kutoka kiungo hadi kiungo. Sisemi kuwa mti huelewa Kidigo. Nasema kwamba si jiwe, na kwamba anayeusemesha hakosei sana kama anayeupita akidhani hakuna mtu nyumbani.

Katika Diani walipita wengi wa namna hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 hoteli zilipangana ufukweni, msitu wa juu ya matumbawe ukakatwa vipande, barabara ya lami ikapita katikati yake, na magari yakaanza kuwaua mbega weusi wenye mabega meupe, ambao wenyeji huwaita kuluzu, wanyama wapole walao majani, wasiopenda kushuka chini ila kwa dharura. Kuluzu hana neno la kumwonya mwenziwe juu ya gari. Lugha yake ni ya tai na chui. Mwaka 1997 likaanzishwa shirika la kuwahifadhi, na juu ya barabara zikatandazwa ngazi za waya na mipira kutoka mti hadi mti. Mbega walizitazama, wakazijaribu, wakazikubali. Ukisimama chini yake asubuhi unawaona wakivuka, watoto wao weupe wamewashika matumboni, na magari yakipita chini yao.

Kaya zenyewe zilikuwa zikinyofolewa pembeni mwaka hadi mwaka, ikiwamo Kaya Diani, kwa kuwa sheria ya ardhi haikujua kitu kiitwacho makao ya koma. Mimea yake ndiyo iliyowasemea wazee mahali ambapo maneno yao hayakusikika: wanabotania Ann Robertson na Quentin Luke walizizunguka kaya moja baada ya moja, wakakuta humo miti adimu iliyokwisha kutoweka kwingine, imebaki kwa sababu ya miiko. Mwaka 1992 kaya za kwanza zilitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa katika urithi wa dunia, Kinondo ikiwa miongoni mwake, msitu wa hekta 30 tu. Wazee wa Kinondo walikuwa wamekwisha kuamua, tangu mwaka 2001, kuwapokea wageni kwa masharti yao wenyewe: mgeni hujifunga kaniki kiunoni, hufuata njia, hatoi kitu ndani, jani wala jiwe, na mbele ya mti mmoja mkubwa huambiwa aukumbatie, auambie yanayomsumbua.

Mara ya mwisho nilipokwenda huko, mzee aliyetuongoza alisimama kwenye mlango wa msitu, akasema maneno machache kwa Kidigo, akanyamaza muda mrefu kuliko tulivyozoea sisi watu wa mjini, kisha akatia mguu. Tulipotoka nilifungua kaniki yangu kuirudisha, nikaona mbegu moja ndogo yenye miiba imenasa kwenye pindo. Nikainyofoa niitupe barabarani. Mzee akanishika mkono.

"Hiyo si yako, mwanangu," akasema. "Irudishe kwao."

Nikajifunga kaniki tena. Nilipofika mlangoni nilitaka kupita moja kwa moja, maana nilikuwa nimetoka humo dakika ile ile. Nikageuka, nikamwona amesimama pale pale ananitazama, hana haraka. Nikasimama, nikabisha hodi, nikangoja.